Logo yako ya kwanza iliharibikia wapi? Waliojifundisha wenyewe tupeane uzoefu

Mzee wa Muhuri (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila siku naona vijana wanauliza waanze na programu ipi ili wawe madizaina wa logo, na majibu ni yale yale: pakua hii, nunua ile. Leo naomba tupitie mlango wa uani. Kila aliyejifunza kazi hii bila darasa ana logo moja iliyomwaibisha. Tusimulie hiyo. Ilikuwa ya nani, ulitumia nini, na iligoma wapi.

Naanza mwenyewe, msije mkasema nawachokonoa.

Mwaka 2014 nilikuwa na steshenari ndogo Mwanza. Fotokopi, kuweka vyeti plastiki, kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Kikakuja kikundi cha akina mama wauza dagaa. Wameshasajiliwa, benki inataka muhuri, na wao kwenye muhuri wanataka na logo. Nikajibu "hiyo ndogo", na wala sikuwahi kutengeneza hata moja. Nikafungua Word. Nikachukua picha ya samaki mtandaoni, nikamwekea jua linalozama nyuma yake, maji ya bluu yanayokolea kuelekea chini, jina la kikundi limepinda juu kama upinde wa mvua, kivuli, na mng'ao kwenye kila herufi. Kwenye kioo cha kompyuta ilimeremeta. Mwenyekiti alipiga vigelegele, sitanii.

Nikaipeleka kwa fundi mihuri. Mzee wa watu akavaa miwani, akaitazama weee, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, wino wangu una rangi moja. Hili jua nalichonga na nini?" Akanitolea nakala nyeusi tupu, upana wa sentimita tatu. Samaki, jua na maji vimekuwa doa moja. "Haya, dagaa yuko wapi hapo?"

Nilirudi dukani nimenywea. Nikachukua makapeni, nikachora dagaa watatu wa mistari mitupu ndani ya duara, basi. Nikaiweka kwenye mashine yangu ya fotokopi nikaipunguza, nikaipunguza tena, mpaka ikawa kama kifungo cha shati. Ilipobaki inatambulika ndipo nikampelekea mzee. Tangu siku hiyo kila logo naianza kwa nyeusi peke yake. Rangi naileta mwishoni kama kachumbari.

Na msidhani ni mambo ya mihuri ya Mwanza tu. Yule panda wa WWF, shirika la kulinda wanyamapori, wa mwaka 1961, aliyechorwa na Peter Scott kwa kufuata michoro ya awali ya Gerald Watterson, mojawapo ya sababu za kumchagua mnyama mweusi na mweupe ilikuwa kubana gharama za uchapaji.

Karibuni. Matangazo ya kozi hapana.

Simu Tupu

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mimi ndo naanza, kompyuta sina, nina simu yenye kioo cha ufa. Shusheni nondo wakuu.

Dada wa River Road

Habari zenu. Nasoma nikiwa Nairobi, na hapa River Road ndipo nilipofunzwa. Niliajiriwa kupokea simu na kubandua stika. Kazi za wateja zilifanywa kwa CorelDRAW, programu ya kuchorea, na mimi nilikuwa nachungulia tu kwa bega la mwenzangu. Siku moja bosi akanipa karatasi yenye herufi moja, S, imejaza ukurasa mzima. Akasema nikiweza kuichora upya kwa zana ya bezia, ile ya kuchora mikunjo, nitagusa kazi.

S yangu ya kwanza ilikuwa na nodi, yaani vile vidoa vinavyoshikilia mstari, zaidi ya thelathini. Ilikuwa inayumba kama barabara ya murram baada ya mvua. Bosi alizihesabu kwa kidole, moja moja, mbele ya watu. Kisha akachora duara na kunionyesha: duara zima lina nodi nne, juu, chini, kushoto na kulia. Kinachovuta mkunjo ni ile mikono miwili inayotoka kwenye nodi, si wingi wa nodi. Weka nodi pale mkunjo unapofika mwisho wake kabla ya kugeuka, halafu ivute mikono iwe imelala sawa au imesimama wima. Nilirudia S ile wiki mbili, jioni wengine wakishaenda nyumbani. Nikatoka hapo nikaingia a, g, R. Kuna mtu atasema ni kupoteza wakati, lakini nilipopeleka kazi yenye nodi chache kwa plota, mashine ya kukata stika, kisu kilipita laini kama kinakata siagi. Yenye nodi nyingi kinashtukashtuka na stika inatoka na meno.

Sasa aibu. Tulikuwa na mteja wa bucha, nikamchorea jina kwa fonti moja nene yenye pembe, nilikuwa najivunia mno. Bango la mita sita lilichapwa kwingine kwa sababu mashine yetu ilikuwa na hitilafu. Nikatuma faili bila kugeuza maandishi kuwa mistari, yaani mchoro usiohitaji fonti. Kompyuta ya kule haikuwa na ile fonti, ikaweka yake. Herufi zikapanuka zikamkalia ng'ombe kichwani. Bango likachapwa hivyo hivyo, likaning'inizwa hivyo hivyo, na mshahara wangu ukakatwa hivyo hivyo. Kwenye Corel ni Ctrl+Q tu, jamani. Vibonyezo viwili! Lakini hifadhi nakala nyingine ambayo maandishi bado yanaharirika, maana ukishageuza huwezi tena kurekebisha herufi iliyokosewa.

Chizi wa Fonti

Yangu fupi ila ingenipeleka pabaya.

Jamaa anafungua duka la dawa. Nikamwekea msalaba mwekundu kwenye duara jeupe. Nani hajui kwamba msalaba mwekundu ni dawa? Kibao kikachorwa, kikatundikwa. Wiki ya pili akasimama pale nje mama mmoja muuguzi mstaafu, akaita: "Nani kawapa ruhusa ya alama hii?" Tukakalishwa barazani tukafundishwa. Kumbe ile si alama ya dawa hata kidogo. Ni alama ya kuwalinda wahudumu wa tiba vitani, imo kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, na mfanyabiashara haruhusiwi kuitumia. Mwezi mwekundu vilevile. Ni ya huduma za tiba za majeshi na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu.

Nikapendekeza msalaba wa kijani kama wa maduka mengi ya dawa ya Ulaya, mteja akaogopa, kashashtuka na misalaba yote. Nikamwonyesha bakuli na nyoka, alama ya zamani ya wafamasia. Akaniuliza nani atanunua dawa kwa nyoka. Tukaishia kwenye jani la mwarobaini. Kibao cha pili nililipia mimi.

Ngao ya taifa nayo ina sheria yake, usiende kuibandika kwenye saluni ya mtu.

Nusu Bei

Mimi logo haikuharibika, niliharibika mimi.

Mjomba alifungua gereji. "Wewe ni mwanangu, tutaonana." Nikachora. Akataka gurudumu. Nikaweka gurudumu, akataka spana. Nikaweka spana, akamwona simba kwenye basi moja akataka simba ameshika spana. Marekebisho kumi na tisa, nimeyahesabu kwenye meseji. Mwisho akachukua ile ya kwanza kabisa, na ile "tutaonana" mpaka leo hatujaonana, ingawa Idi tunakula sahani moja.

Siku hizi hata awe nani: kishika uchumba nusu kabla sijashika penseli, michoro mitatu ya kuchagua, marekebisho mawili, ya tatu unalipia. Na naandika, hata kwa meseji ya kawaida.

Chizi wa Fonti

@Nusu Bei wewe una nafuu. Carolyn Davidson aliyechora ile alama ya Nike mwaka 1971 akiwa mwanafunzi Portland kule Marekani alipewa dola 35. Thelathini na tano! Alipigwa mchana kweupe.

Dada wa River Road

Chizi, hiyo hadithi mnaikata mkia. Alikuwa akilipwa dola mbili kwa saa na akaleta ankara ya saa zake. Mwaka 1983 kampuni ikamwita, ikampa pete na hisa. Mimi nilianza hivyo hivyo kwa saa, nikaacha. Mwaka wa kwanza kazi ilinichukua siku tatu, mwaka wa nne inanichukua asubuhi moja. Yaani kadiri ninavyojua ndivyo ninavyolipwa kidogo? Hapana.

Kofia ya Kiua

Assalaam alaykum wote. Mie niko Unguja. Mwalimu wangu wa kwanza wa logo ni mama, na mama hata kompyuta hajui kuiwasha.

Mama anashona kofia za kiua. Kwa asiyejua, ua la kofia ile halichorwi. Unatoboa vitobo vidogo, unavizungushia uzi kimoja kimoja, na ua linatokea kwa vile vitobo pamoja na nguo uliyoiacha bila kuigusa. Nilipokuwa mdogo nikijaza kila mahali, kwa kuona ndo urembo, ananipiga vidole na kunifumulisha. Kwa hivyo nilipokuja kwenye kompyuta nikakuta watu wanahangaika kuelewa ile nafasi tupu, mie nilikuwa nishapigwa kwa ajili yake. Siku nilipooneshwa mshale uliojificha baina ya E na x kwenye logo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, kazi ya Lindon Leader ya 1994, nilicheka peke yangu, nikamwita mama aje aone kitobo cha Wamarekani. Akatazama, akasema "wamejitahidi".

Aibu yangu ni beji ya skuli. Walitaka ngao, kitabu, mnazi, bahari, mwaka wa kuanzishwa na wito wa skuli wa maneno sita, vyote mfukoni mwa shati. Kwenye karatasi ilisomeka vizuri. Nikaipeleka kutariziwa. Uzi una unene wake jamani, si wino. Herufi nilizopanga za milimita mbili zilijaa, a na e na o zote zikawa vidonge. Fundi akaniambia herufi isiyofika milimita tano asiletewe. Nikatengeneza mbili: ile iliyojaa ya bango la getini, na ya mfukoni mnazi na kitabu tu. Mwalimu mkuu alinuna siku mbili, akazoea.

Simu Tupu

Shikamooni wakubwa. Sasa mimi nimemtengenezea kinyozi wa mtaani logo kwa simu, kwenye Canva, ile programu yenye michoro tayari, dakika kumi. Mkasi na taji juu. Kaipenda. Kuna ubaya?

Mzee wa Muhuri

Marahaba. Kijana, ingia humo humo ulikotoa, andika "kinyozi", uhesabu mikasi yenye mataji. Kiolezo, yaani mchoro ulioandaliwa tayari, ni cha wote. Na masharti ya Canva yenyewe hayaruhusu kusajili kama alama ya biashara kitu ulichokijenga kwa picha za maktaba yao. Kinyozi wako leo ana kiti kimoja, kesho ana matawi matatu, anakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kulinda jina lake, anagota. Kwa Dada huko Kenya ni KIPI, Zanzibar ni BPRA, habari ni ile ile. Huku Bara ukisajili unapewa miaka 7 ya kwanza, halafu unahuisha kila miaka 10. Hiyo si alama ya kuazima.

Simu haina kosa. Chukua daftari na penseli. Chora ishirini, usifute hata moja. Ukipata kompyuta ya kuazima, weka Inkscape, programu ya kuchorea, ni ya bure, piga picha mchoro wako uuweke chini na ufuatishe mistari juu yake kama Dada alivyofuata S.

Dada wa River Road

Na ukimaliza usimtumie mteja kwa WhatsApp kama picha, inabanwa inakuwa ukungu. Itume kama dokumenti. Mpe faili ya SVG au PDF ya kupeleka kwa wachapaji, na picha ya PNG ya kuweka kwenye wasifu wake wa mtandaoni.

Simu Tupu

Nimerudi wakuu, siku nne baadaye. Nimechora kumi na saba, daftari limeisha. Nimemwonyesha kinyozi zote, kachagua ile niliyoichukia kuliko zote. Mkasi umesimama wima, ncha juu, umefunguka kidogo, na vishikio viwili chini vya duara. Nimeujaza mweusi kama ulivyosema mzee. Nimpe?

Mzee wa Muhuri

Mpe, yeye ndiye anayelipa. Ila kwanza ipunguze iwe kama ukucha wa kidole gumba, isogeze mbali na uso, uniambie unaona nini.

Simu Tupu

Naona sungura.

Nusu Bei

Mwambie abadilishe jina la saluni, ni rahisi kuliko marekebisho.