Tuliozika rubani wa jeshi, mnamkumbukaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Segerea): Wadau, salaam. Mdogo wangu alikuwa Luteni, rubani wa jeshi. Alifariki mazoezini. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, simu huanza asubuhi: "Dada, pole." Kwenye televisheni Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, Meya upinde na mshale, kiongozi wa mabalozi shada la maua. Mama haondoki kwenye kiti mpaka tarumbeta imalize. Tunashukuru sana, ila pale wanakumbukwa wote kwa mpigo. Nataka kujua nyinyi mnamkumbukaje yule mmoja, wa kwenu.

Naanza mimi. Mtu anarusha ndege ya kivita, lakini bodaboda ya Buguruni hapandi ng'o! "Huyu sijamwona akikagua hata tairi." Hata gari la baba alilizunguka lote kwanza, anainama, anagusa, ndipo anafungua mlango. Tulimcheka mpaka tukachoka. Siku hizi baba ndiye anayelizunguka.

Wa Temeke: Pole sana dada. Sisi ni Waislamu, kaka yetu naye aliondoka na ndege. Tulitaka tuzike haraka, jeshi lina taratibu zake, ikabidi wazee wakae na maofisa. Tukaagia Lugalo, hospitali ya jeshi, jeneza limefunikwa bendera ya taifa. Kilichotutesa ni kutofunuliwa uso. Bibi aling'ang'ania kumwona mjukuu wake. Sheikh akamweka chini akamweleza kwamba mwili ukiwa katika hali ya kutoweza kupitishwa maji, hutayamamishwa, yaani hupanguswa kwa udongo safi badala ya maji, na haki yake imetimia. Bibi akatulia kwa hilo, si kwa risasi za heshima. Makaburini zilipolia alishtuka akauliza, "Wanampiga nani tena?" Msiba mzima ukaangua kicheko na kilio pamoja. Kila tukisoma hitma lazima mtu aikumbushe hiyo.

Mjukuu wa Ukonga: Nimekulia jirani na Airwing, kambi ya ndege za jeshi. Kwetu mtoto anatofautisha ndege ya abiria na ya jeshi kwa mlio tu. Shangazi yangu ni mjane wa rubani. Mazoezi ya sherehe za Desemba 9 yakifanyika hapa mjini, zikianza kupita chini chini na watu wamepanda mapaa na simu zao, yeye anafunga begi, anakwenda Bagamoyo. Hatumuulizi.

Mgeni: Samahani, hivi ndege ya huyo Luteni ilipata hitilafu gani?

Mleta uzi: Mkuu, ajali ya namna hiyo ina bodi yake ya uchunguzi. Msibani kila jirani alikuwa fundi wa injini, tumeshasikia ya kutosha. Humu naomba tumzungumze mtu.

Mzee wa Vita vya Kagera: Wanangu, poleni. Mimi ni wa askari wa miguu, si wa anga. Mwenzangu wa handaki moja amelala Kaboya, kule Muleba, na kutoka hapa Dar ni mbali kwa magoti haya. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina lake. Lilinisaidia, ingawa kumchapa mtoto mwenye jina la rafiki yako ni kazi! Binti, nakuomba jambo. Watafute aliotunukiwa nao kamisheni kule chuo cha jeshi Monduli. Waandike wanachokumbuka sasa hivi, wakiwa bado maluteni. Wakipanda vyeo watatawanywa, mmoja Mwanza, mwingine masomoni nje, na yale ya utoto wa jeshi hawatayasema tena mbele za watu.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Nimempigia mmoja, yuko Ngerengere. Kumbe kule chuoni mdogo wangu alikuwa akikagua mpaka kitanda kabla ya kulala, walimwita Fundi. Mama hakulijua hilo jina. Sasa ameninyang'anya simu, wako kwenye habari za jogoo fulani aliyepotea Monduli. Wengine endeleeni, narudi.