Mrejesho: Simba na mafuta ya bangi

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama nimpe mbwa wangu Simba, mwenye saratani ya mfupa wa mguu wa mbele, mafuta ya bangi ili apunguziwe maumivu. Asanteni sana mlionisihi nimwone daktari wa mifugo kwanza.

Tulikwenda, huko Lang'ata. Daktari alinieleza kwamba THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, huwaumiza mbwa kuliko sisi: hupepesuka, hujikojolea, hata kupoteza fahamu. CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, ni tofauti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliona imewapunguzia mbwa maumivu, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Lakini wale walikuwa na viungo vilivyochakaa, si saratani. Na hapa Kenya bangi ni haramu. Ile chupa isiyo na lebo niliyouziwa mtaani, nani ajuaye ina nini? Nimeimwaga.

Sasa anatumia dawa za maumivu: meloksikamu baada ya chakula, pamoja na gabapentini. Jana alilala hadi alfajiri bila kulia. Asubuhi akaja akichechemea, akaniwekea kichwa gotini. Uvimbe bado upo, najua. Nilikaa naye hapo mlangoni mpaka chai ikapoa.