Hedifoni zilizofungwa nyuma, zenye besi nzuri, kwa bajeti ya mwanachuo: nichague zipi?

Mwanachuo wa Mlimani

Ndugu wadau, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili jijini Dar es Salaam, ninaishi hosteli katika chumba cha watu wanne, na ninaomba ushauri wenu kabla fedha za boom, yaani mkopo wa chuo, hazijaishia kwenye mambo mengine. Natafuta hedifoni zinazofunika sikio lote na zilizofungwa nyuma, kwa sababu wenzangu husoma hadi usiku wa manane na sipendi muziki wangu uwafikie vitandani mwao. Nimetenga shilingi 130,000. Nikibanwa sana naweza kufika 150,000, lakini zaidi ya hapo nitakuwa nimeingilia fedha ya chakula.

Ninachosikiliza kwa wingi ni amapiano, singeli na bongo fleva, na siku za mapumziko taarabu ya zamani ya Unguja. Vilevile nimeanza kujifunza kutengeneza midundo kwa kompyuta, na hapo ndipo ninapopata shida kubwa, kwa sababu hedifoni ndogo nilizonazo hazinionyeshi besi ilipo: nikiamini nimeiweka sawa, wimbo ukipigwa kwenye spika kubwa inavuma hadi inameza sauti ya mwimbaji.

Wauzaji wengi niliowauliza Kariakoo wananiambia niangalie ukubwa wa spika ya ndani, kwamba ya milimita 50 ina besi kuliko ya milimita 40, na wengine wananionyesha maandishi ya besi ya ziada yaliyo kwenye boksi. Je, hicho ni kipimo cha kutegemea? Na je, ni busara kununua za waya wakati karibu kila mtu amehamia za bluetooth?

Fundi wa Studio

Mdogo wangu, kwa kuwa umesema unatengeneza midundo, sehemu kubwa ya jibu imekwisha kujitokeza: nunua za waya. Sauti inayopita kwenye bluetooth huchelewa kidogo, na ingawa ucheleweshaji huo hausumbui unaposikiliza wimbo uliokamilika, utakusumbua mno utakapobonyeza kitufe cha ngoma na kuisikia ikija baada ya kidole chako.

Kuhusu milimita 50 dhidi ya 40, tafadhali usikitegemee kipimo hicho. Sony MDR-7506, ambazo zimekuwa studioni tangu mwaka 1991 na bado zinatengenezwa, zina spika ya milimita 40, na hakuna anayelalamika kwamba hazina besi. Kinachoamua besi kwenye hedifoni zilizofungwa, kabla ya jambo jingine lolote, ni jinsi pedi zinavyoziba kuzunguka sikio lako. Besi ni masafa ya chini, kuanzia hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) hadi kama 250, na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa takriban hezi 41. Ili spika ndogo kama hiyo iweze kukusikilizisha masafa hayo, ni lazima hewa iliyo kati yake na ngoma ya sikio ibaki imefungiwa, ibanwe na kuachiwa pamoja na mwendo wa spika. Pakiwa na upenyo, shinikizo hilo hutorokea hapo, na masafa ya kwanza kupotea ni yale ya chini kabisa. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kuvaa hedifoni zilezile, mmoja akasifu besi na mwingine akailaani, na wote wawili wakawa wanasema kweli kuhusu vichwa vyao.

Kwa hiyo, uendapo dukani, ujaribu hivi: weka kwenye simu mlio wa hezi 40, ambao hupatikana bure kwenye intaneti, vaa hedifoni kama utakavyozivaa siku zote, kisha uzikandamize taratibu kwa viganja. Mlio ukibaki karibu vilevile, pedi zimeziba. Ukiongezeka ghafla, besi ilikuwa inavuja, na hedifoni hizo hazikufai hata kama zimesifiwa na dunia nzima. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu, mshukuru na uende duka la pili.

Sasa nitaje majina. Kwa bajeti yako ningeanza na Audio-Technica ATH-M20x, ambazo Marekani kwa miaka mingi ziliuzwa karibu dola 50 kabla ya usafiri na ushuru. Zimefungwa nyuma, spika yake ni ya milimita 40, na ukinzani wake ni omu 47, kiwango ambacho kompyuta ya kawaida inakimudu bila amplifaya. Besi yake ni ya kiasi, haijakuzwa kupita mipaka, na kwa mtu anayejifunza kuchanganya sauti, hiyo ni faida kubwa. Udhaifu wake ni waya wa mita 3 usiochomoka: ukikatika, utahitaji fundi wa kuuchomelea. Za pili ni AKG K72, nazo zimefungwa, omu 32, nyepesi kichwani. Dada yao mkubwa wa zile za kwanza, ATH-M40x, ndizo ningekutakia kwa moyo wangu wote, kwani waya wake unachomoka na usawa wake wa sauti ni bora zaidi, ila bei yake ni karibu mara mbili na umekwisha kutueleza mipaka yako.

Nikuonye pia kuhusu majina matatu utakayokutana nayo kila ukisoma ushauri wa hedifoni za bei nafuu: Philips SHP9500, Superlux HD 681 na Samson SR850. Zinasifiwa kwa haki, lakini za kwanza zimeachwa wazi nyuma na hizo mbili nyingine ni nusu wazi. Wenzako chumbani watausikia kila wimbo unaoucheza.

Msikilizaji wa Ngara

Nawasalimu nikiwa Nairobi. Nakubaliana na kaka Fundi kuhusu pedi, lakini naona amewahi mno kuzifunga za bluetooth mlango, kwa sababu mwenye swali hatengenezi midundo saa zote; muda wake mwingi atakuwa anasikiliza na kusoma ndani ya chumba chenye kelele. Hedifoni zilizofungwa huzuia vizuri sauti za watu na milio mikali, ilhali muungurumo wa jenereta, wa feni au wa matatu lililo nje ya dirisha hupenya, kwa kuwa masafa ya chini hayazuiliki kirahisi kwa plastiki na sponji. Muungurumo huo huifunika besi ya muziki wako, nawe bila kutambua unaongeza sauti. Zile zenye mfumo wa kuzima kelele hufanya kazi nzuri hasa kwenye masafa hayohayo. Anker Soundcore Life Q20 ni mfano wa bei ya kadiri: zimefungwa, zinakuza besi ukitaka, na zina tundu la waya, kwa hiyo ukikaa kwenye kompyuta unachomeka na ule ucheleweshaji unaondoka.

Hata hivyo nitasema wazi kwamba betri yake itachakaa siku moja, na kwamba besi yake imekuzwa kiwandani. Kwa amapiano inapendeza sana. Kwa taarabu utaona inavimba na kuifunika fidla.

Kwa mwenye bajeti ndogo zaidi ningetaja OneOdio Pro-10, za waya, omu 32, spika ya milimita 50. Kila kikombe kina tundu lake, moja la pini ndogo ya milimita 3.5 na jingine la pini kubwa ya milimita 6.35, na mwenzako anaweza kuchomeka za kwake kwenye tundu lililobaki mkasikiliza pamoja. Kwa maisha ya hosteli sijui kitu kinachofaa kuliko hicho. Besi yake ni nyingi, si sahihi sana, lakini inashuka chini kweli.

Jambo la mwisho ni bidhaa bandia, ambazo ziko Luthuli Avenue hapa Nairobi kama zilivyo Kariakoo. Kadiri jina linavyokuwa kubwa ndivyo bandia zinavyoongezeka, na MDR-7506 pamoja na ATH-M50x zimeigizwa sana. Tazama maandishi yaliyo kwenye utepe wa kichwani kama yamechapwa kwa unyoofu, tazama mshono wa pedi, inua uzito, na uulize risiti yenye jina la duka. Bei ikiwa nusu ya ile ya kila mahali, usijidanganye kwamba umepata bahati.

Mwanachuo wa Mlimani

Ninawashukuru sana, kaka Fundi na ndugu wa Ngara. Leo nimejaribu M20x kwenye duka moja kwa mlio wa hezi 40 kama nilivyoelekezwa, na nilipozikandamiza mlio uliongezeka waziwazi. Ninavaa miwani, na nadhani vijiti vyake ndivyo vinavyoinua pedi pembeni ya sikio. Je, nizikatae? Pia simu yangu haina tundu la hedifoni, ina lile la kuchajia tu. Na iwapo nitachukua za besi ya kiasi, kuna njia ya kuiongeza ninapotaka kusikiliza singeli kwa raha, bila kuharibu kitu?

Binti wa Raha Leo

Mdogo wangu, mimi pia navaa miwani, kwa hiyo nianze na hilo. Usizikatae kabla hujazisogeza. Punguza utepe wa kichwani ili vikombe vikae juu kidogo, inua vijiti vya miwani vikae juu ya sehemu nene ya sikio badala ya kuzama nyuma yake, kisha urudie mlio ule. Pedi zenye sponji laini na ngozi ya bandia hujikunja kuzunguka kijiti vizuri kuliko zile ngumu. Za kitambaa ni baridi zaidi kwa joto letu, ila hupitisha hewa, na besi hupungua. Usisahau kufuta jasho kila unapomaliza, kwani ngozi ya bandia hubanduka vipande vipande katika hali ya hewa ya pwani, na pedi ikishaanza kupasuka kuziba kwake kumekwisha. Pedi za kubadilisha kwa M20x zinapatikana, nalo ni jambo la kuhesabu unaponunua kitu unachotaka kikuvushe hadi mahafali.

Kuhusu simu, nunua adapta ya tundu la kuchajia yenye kigeuza sauti ndani yake. Simu nyingi za sasa hazitoi sauti ya kawaida kupitia tundu hilo, kwa hiyo adapta ya waya mtupu itakaa kimya. Ijaribu na simu yako mwenyewe palepale dukani, maana adapta nyingine hufanya kazi kwenye simu fulani na kwenye nyingine zikatoa sauti hafifu.

Ama kuongeza besi, njia ipo na haina gharama. Kwenye Android tumia programu ya Wavelet. Kwenye kompyuta ya Windows tumia Equalizer APO. Inua masafa yaliyo chini ya hezi 105 kwa desibeli 4 au 5, halafu, na hapa ndipo wengi wanaporuka, shusha sauti ya jumla ndani ya programu kwa kiasi kilekile. Usipofanya hivyo mipigo mizito itagonga dari na kusikika imekwaruza, nawe utadhani hedifoni ni mbovu. Kumbuka pia kwamba desibeli 6 zinadai nguvu mara nne kwenye masafa hayo, kwa hiyo usiipandishe besi hadi 12 kwa tamaa. Unapotengeneza midundo, zima programu hiyo kabisa, la sivyo utaipunguza besi ya wimbo wako kwa kuwa hedifoni zimekwisha kuiongeza.

Na uyalinde masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Besi nzito huwa haiumizi sikio papo hapo, na ndiyo sababu watu huipandisha bila kuhisi wamefika wapi.

Fundi wa Studio

Dada wa Raha Leo amelieleza suala la miwani vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Naongeza moja tu kwa mwenye swali: ukishasogeza vijiti na mlio wa hezi 40 bado unaruka, achana na M20x bila majuto na ujaribu K72 au Pro-10 kwa namna ileile, kwa sababu umbo la pedi zake ni tofauti. Nenda na wimbo mmoja wa taarabu unaoufahamu kwa kila noti yake, ulioupakua na si wa kurushwa kwa intaneti dhaifu, usikilize besi ikipanda na kushuka. Kama unaweza kuziimba noti zake moja moja kwa kuzifuata, hizo ndizo zako. Kama unasikia mvumo tu usioweza kuufuata, ziache hata kama mvumo huo ni mkubwa.

Ndugu wa Ngara, nakubali hoja ya jenereta. Kama angekuwa hatengenezi midundo kabisa, ningemwelekeza kwenye Q20 pamoja nawe.