Nimeambiwa naweza kutolewa uvimbe tu, titi libaki. Ndugu wanataka litolewe lote. Nishaurini

MamaWawili_Njombe
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 43, mwalimu wa shule ya msingi. Niligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, juu, kuelekea kwapani. Hakiumi. Nikapigwa picha, nikachukuliwa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe) kikapimwe, majibu yametoka: ni saratani. Uvimbe ni mmoja, sentimita 2.3, na kwapani hawajaona mtoki (tezi ya limfu) wa kutilia shaka. Kwenye karatasi wameandika ER chanya, PR chanya, HER2 hasi, yaani saratani inayochochewa na homoni, na haina protini ya HER2 kwa wingi.

Daktari wa upasuaji kanipa njia mbili: kutoa titi lote, au kutoa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, titi libaki, halafu nipigwe mionzi. Anasema kwa hali yangu zote zinafaa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana mimi nilikwenda nikijua titi ndiyo basi tena.

Nyumbani hakukaliki. Shangazi anasema gugu halikatwi juu likaachwa mizizi. Mama mkwe anasema nang'ang'ania urembo kwa umri huu. Mume wangu anasema "uamuzi ni wako mama watoto", kisha anatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Je, kuliacha titi ni kujitafutia kifo? Aliyepitia anisaidie.

NesiMstaafu
Pole sana mwanangu. Nimekaa wodi ya upasuaji mpaka nastaafu, nikueleze ninachokijua.

Hofu ya shangazi yako hata madaktari wakubwa waliwahi kuwa nayo. Kwa miaka mingi mwanamke alikatwa titi, misuli ya kifua na mitoki yote ya kwapa kwa pamoja. Kwenye miaka ya 1970 madaktari wa upasuaji Umberto Veronesi kule Milan, Italia, na Bernard Fisher kule Marekani wakaamua kulipima jambo hilo: wanawake wengine wakatolewa titi lote, wengine sehemu tu. Wakafuatiliwa miaka 20, majibu yakachapishwa mwaka 2002. Waliobaki na titi hawakufa zaidi ya waliotolewa lote.

Ila lisome vizuri hili. Kwa Fisher kulikuwa na kundi la tatu, waliotolewa uvimbe bila kupigwa mionzi. Katika miaka ile 20 saratani iliwarudia kwenye titi lilelile kwa asilimia 39.2. Waliopigwa mionzi, asilimia 14.3. Na hizo ni hesabu za enzi zile. Kwa dawa na vipimo vya leo wanaorudiwa ni wachache zaidi. Kwa hiyo swali lako si titi libaki au lisibaki. Swali ni kama mionzi utaifikia na kuimaliza.

Mwanamakambako
Mimi niko na shangazi. Toa lote, ulale usingizi.

NesiMstaafu
Mwanamakambako, hata ukitoa lote inaweza kurudi kwenye kovu au ukuta wa kifua. Na mitoki ikikutwa na ugonjwa, mionzi mara nyingi unapigwa vilevile.

TibaAsiliOriginal
Dada usikubali kisu, kisu kinaisambaza. Njoo PM nina unga wa siku 40.

Kisima_Tanga
Mzee wa unga pita hivi, hapa kuna mgonjwa.

Dada, mimi nilibaki na titi. Upasuaji wenyewe haukunisumbua sana. Mitoki walipima kwa rangi ya buluu, wanaichoma kwa sindano karibu na chuchu ili waone mtoki gani unaipokea kwanza, basi wanautoa huo ukapimwe. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba mkojo utatoka buluu! Nilipiga kelele chooni mpaka nesi akaja mbio.

Kilichonikondesha ni kusubiri majibu ya maabara. Nyama ikitoka inapakwa wino kwa nje kote, kisha inakatwa na kuangaliwa kwa darubini. Chembe za saratani zikikutwa zimegusa wino, unarudi kuongezwa kidogo. Wapo wanaorudi, usishtuke. Wakirudia na kingo bado si safi, ndipo wanatoa lote.

Mionzi haiumi. Unalala mkono umeinua juu ya kichwa, wanakuchora mistari ambayo hutakiwi kuisugua ukioga. Dakika chache umemaliza. Ngozi ndiyo inabadilika, yangu iliiva ikawa nyeusi, chini ya titi ikachubuka. Sidiria niliitupa kando nikavaa dera. Na uchovu, mwe! Unajikuta umelala saa nane mchana.

Tulizo_Kigoma
Mimi nilipewa njia hizohizo nikachagua kutoa lote, na sijutii. Sikuwa na mtu wa kufikia Dar, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Ningeanza mionzi nikaikatisha, ningekuwa nimejidanganya. Mama mkwe wako asiulete urembo hapa, lakini na wewe usione haya kama titi unalitaka.

BabaJ
Dada, wanaume wengine tukiogopa tunatafuta kazi ya mikono. Nenda naye kliniki amsikie daktari mwenyewe. Maneno ya kusimuliwa hayamwingii.

MamaWawili_Njombe
Asanteni, mmenitoa machozi. Baba watoto kakubali, Alhamisi tunakwenda wote. Mionzi ni Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar. Dada yangu yuko Mbagala, anasema chumba kipo. Bima ninayo ya kazini. Nikaulize nini hasa?

NesiMstaafu
Uliza mionzi itaanza lini baada ya kidonda kupona na kama foleni ni ndefu. Uliza vipindi vingapi: zamani ilikuwa wiki 5, siku hizi wengi hupewa 15 kwa wiki 3, Jumatatu hadi Ijumaa. Uliza bima inalipa vyote au unaongeza mfukoni, upate jibu la maandishi. Kwa kuwa ni titi la kushoto, uliza wanaukingaje moyo. Baadhi ya hospitali humfundisha mgonjwa kubana pumzi mionzi inapopita. Uliza kama utahitaji kemo (dawa kali za kuua saratani), maana ikiwepo kwa kawaida hutangulia mionzi. Vidonge vya kuzuia homoni jiandae navyo, miaka 5 au zaidi, uchague upasuaji huu au ule. Na usiwe na mimba wakati wa mionzi, hilo ni mwiko.

Karatasi zote toa kopi, hasa ya kinyama.

MamaWawili_Njombe
Na huo mkono wa kuinua juu? Mimi bega hili lilishawahi kuteguka.

NesiMstaafu
Mwambie daktari kabla ya upasuaji. Akikuruhusu kuanza mazoezi, simama mbele ya ukuta, tembeza vidole kupanda juu mpaka pale panapovuta, shusha, rudia. Weka alama kwa chaki ulipofika, kesho upite kidogo. Mkono ukigoma kabisa waambie wa mionzi mapema, siku ya kupima na kuchorwa, wakutafutie namna nyingine ya kukulaza.