Amani ya wakubwa wawili kujifungia chumbani, ni amani kweli? (Ethiopia na Eritrea)

Mzee wa Kigamboni: Wadau, Julai 2018 Abiy, waziri mkuu wa Ethiopia, alitua Asmara, mji mkuu wa Eritrea, akakumbatiana na rais wao Isaias, kesho yake wakasaini, simu zikafunguka, ndege zikaanza kuruka, wiki haijaisha Isaias naye yuko Addis. Vita vya 1998 mpaka 2000 halafu miaka yote ile wamenuniana, leo siku mbili tu mambo yameisha? Mpaka wenyewe unapita Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, na watu wa Tigray hawakuitwa mezani. Novemba 2020 vita vikalipuka Tigray, tukaona matokeo. Mimi nasema ile haikuwa amani.

BintiMvita: Sasa mwataka waitwe watu wote, watamaliza lini? Camp David 1978 Carter, rais wa Marekani, aliwafungia Sadat wa Misri na Begin wa Israel siku 13 kule msituni Maryland, hawaivi kabisa wale, ikabidi yeye ndo awe anatembeza karatasi kibanda hadi kibanda, Sadat akafunga mizigo aondoke, Carter akambembeleza. Mwaka uliofuata wakasaini mkataba wa amani na mpaka leo Misri na Israel hawajarudi vitani.

Kipanga: Na hiyo Badme ya mpakani waliyouana kwa ajili yake ni kijiji cha vumbi tu, hakuna mafuta hakuna dhahabu. Sisi Waafrika bwana

Mama Nahom: Kipanga naomba adabu. Mume wangu ni Mweritrea, kaka yake alienda front hakurudi, mama yao mpaka anakufa hajaonyeshwa kaburi. Hicho unachoita vumbi kuna makumi ya maelfu ya watoto wa watu wamelala.

Kipanga: Dada pole sana ila nimesema uongo gani? Si UN walishaamua ni ya Ethiopia

Njoro: Acha kuchanganya watu. Ni tume ya mipaka ya mkataba wa Algiers, ule uliomaliza vita vyao 2000, ilikaa The Hague, Aprili 2002 ikasema Badme ni ya Eritrea. Ethiopia ndio ilikataa kutoka, hadi Abiy akaja kukubali 2018. Kama hujui uliza.

Kipanga: Sawa profesa. Lakini kufa kwa ajili ya kijiji bado naona ni kufa bure

Mama Nahom: Unarudia tena!!

BintiMvita: Kipanga wewe kwenu shamba likiingiliwa hatua tatu si mwashikana mapanga? Ati kufa bure. Mwombe radhi mwenzio.

Mzee wa Kigamboni: Jamani turudi kwenye mada. Binti, huyo Sadat wako aliuawa Oktoba 1981 na wanajeshi wake mwenyewe, na Wapalestina ambao mambo yao yaliandikwa mle ndani hawakuwepo mezani, wanalia mpaka leo. Si ndo yale yale ya Tigray?

BintiMvita: Lakini Sinai, lile jangwa Israel ililoliteka, ilirudi kwa Misri! Watu wake walipata kitu cha kushika mkononi. Asmara walipata nini? Vijana bado wako jeshini miaka na miaka.

Njoro: Hapo Binti umenena. Na angalia Pretoria 2022, serikali ya Addis na TPLF, chama cha Tigray kilichopigana nayo, wamesaini kumaliza vita, Eritrea ambayo askari wake walikuwa ndani ya Tigray haikuwepo. 2018 wamemwacha huyu, 2022 wamemwacha yule. Kila mara anayeachwa nje ndiye mwenye bunduki.

Kipanga: Mama Nahom nisamehe, sikujua una msiba wako humo.

Mama Nahom: Yameisha. Mnabishana amani au si amani, mimi nawaambia nilichokiona. Laini zilipofunguka 2018 mume wangu alikaa usiku mzima anapiga simu Addis kutafuta jirani zao wa zamani, akampata mmoja, wakalia tu hawaongei. Septemba mpaka ukafunguliwa pale mji wa Zalambessa, tukaanza kupanga safari. Disemba haijaisha ukafungwa tena upande wa Eritrea, na hakuna mkubwa aliyetuambia kwa nini.