Darasa la keki la elfu thelathini, au kitabu na tovuti za bure?

Mama Mapacha, Dodoma
Wadau, hili limenikaa rohoni. Mdogo wangu kalipa elfu thelathini aingizwe kwenye kundi la WhatsApp afundishwe kuoka. Alichopata ni kurasa nne: unga vikombe vitatu, sukari kikombe kimoja, oka mpaka iive. Basi. Mimi nimejifunzia The Cake Bible ya Rose Levy Beranbaum, kitabu cha 1988, kila kitu kimewekwa kwa uzito. Nikikwama naingia tovuti ya King Arthur, kampuni ya unga ya Marekani, wana jedwali la uzito wa unga, sukari, siagi, mpaka asali. Good Food, iliyokuwa ikiitwa BBC Good Food, nao wanaandika kwa gramu. Tovuti hizo sijazilipa hata shilingi. Sasa nauliza, mtu analipia nini? Na kama kuna kitabu cha Kiswahili cha kuoka kwa gramu, kitajeni hapa, nakitafuta kwa udi na uvumba.

Fundi Keki
Mama Mapacha, mimi nafundisha na sioni aibu. Mwanafunzi ananitumia picha saa tano usiku, keki imezama katikati, nanyanyuka kitandani namjibu. Kitabu chako kitamjibu? Tena kiko kwa Kiingereza. Wengi wanafeli kwa sababu ya vifaa, vipimo ni kisingizio tu. Mtu ana jiko la mkaa anataka awe mwokaji. Keki ya mkaa ni mkate uliotiwa sukari. Nunua oveni kwanza, ndipo tuongee vitabu.

Mwana wa Pangani
Hapo kwenye mkaa umenigusa, na sitapita kimya. Mama yangu katusomesha watoto watano kwa keki za mkaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini kama vidole viwili, unaupasha mpaka ukinyunyizia maji yanalia. Unaweka chombo cha keki, unafunika bati, makaa mengi juu, machache chini. Ukizidisha ya chini umeunguza kitako. Nilikuwa napewa kazi ya kupuliza majivu juu ya bati, nikilala nachapwa. Maharusi wa mtaa mzima wamekula keki hizo. Leo unaziita mkate?

Bint Unguja
Mwambie, kaka. Na mkate wa kumimina tunauokaje? Mchele unalowekwa, unasagwa na tui, hamira, iliki, unaumuka, unamiminwa, makaa juu makaa chini. Ukitoka una rangi kama dhahabu. Kabla oveni hazijafika Unguja, sisi tulikuwa tunaoka.

Fundi Keki
Bint Unguja, umesema mwenyewe: MKATE wa kumimina. Una hamira, unajiumukia wenyewe. Mimi nazungumzia sponji, inayosimama kwa mayai yaliyopigwa. Hiyo inataka joto moja, nyuzi 180, lisipande lisishuke. Mkaa hauwezi.

Mjukuu wa Rungwe, Mbeya
Nyuzi 180 za nani? Dada yangu alifuata video ya Kimarekani, akasikia 350. Oveni yetu mwisho wake 250, akazungusha mpaka mwisho, akasema hapa karibu na hapo. Keki nje nyeusi tii, ndani uji. Ile 350 ilikuwa Farenhaiti, yaani hiyohiyo 180 ya kwetu ya Selsiasi, kasoro kidogo. Halafu kuna jambo hakuna anayelisema. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, Nairobi wako zaidi. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hewa nyepesi, keki inafura upesi kabla haijashika, halafu inadondoka katikati. Unapunguza beking pauda, unaongeza maziwa kidogo. Kipimo cha Dar ukikifuata huku vilevile unakosa.

Fundi Keki
Mkuu, unanifundisha Farenhaiti mimi? Miaka tisa naoka.

Mjukuu wa Rungwe, Mbeya
Sijakutaja, kaka. Nimemtaja dada yangu.

Mwana wa Pangani
Hilo la joto moja bado silikubali. Oveni ya gesi niliyonunua mwaka juzi ina namba 1 mpaka 8, hakuna nyuzi hata moja. Mwezi mzima nimeoka kwa kubahatisha mpaka mtu akaniambia namba 4 ndiyo 180. Mama alijua joto kwa kuweka kiganja juu ya bati akihesabu. Nani alikuwa gizani, mimi au yeye?

Bint Unguja
Na hizo gramu nazo zisitutishe. Bibi hakuwahi kushika mizani. Keki yake: unga nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai sita. Haijawahi kumwangusha.

Mama Mapacha, Dodoma
Bint Unguja mdogo wangu, soma ulichoandika. Nusu kilo, robo, robo. Huo ni uzito! Aliyekuwa na mizani ni mwenye duka, bibi akapelekewa kwenye karatasi kikiwa kimeshapimwa. Bibi alioka kwa gramu maisha yake yote. Vikombe vimeletwa na hizi video.

Jana usiku nilipima, watoto wameshalala. Kikombe cha unga nilichochota moja kwa moja kwenye mfuko wake na kushindilia kilikuwa gramu 158. Nikachekecha unga, nikamimina taratibu, nikafuta juu kwa kisu: 118. Tofauti ya 40. Kwenye kurasa nne za mdogo wangu unga ni vikombe vitatu. Amezidisha kikombe kizima cha unga na hajui, anaambiwa beking pauda yake ndiyo mbovu. Amelia huyo mtoto. Alitupa keki mbili, za mayai ya kununua.

Fundi Keki
Aliyemfundisha si mimi.

Mama Mapacha, Dodoma
Sijasema ni wewe. Nauliza kurasa zako zina gramu au vikombe?

Fundi Keki
Vikombe. Wanafunzi wangu hawana mizani, ukimwambia mtu gramu 360 anakuona unamringia. Lakini nawaonyesha kwenye video namna ya kumimina unga. Na elfu thelathini si wizi, ni jasho, kuna watu wamefungua biashara kwa mafunzo yangu.

Mwana wa Pangani
Kwa hiyo oveni wanunue, mizani ya bei ndogo iwashinde?

Bint Unguja
😂 Kaka umemaliza. Dada, mie nimekubali hiyo ya mwenye duka, sikuwahi kuifikiria. Ila bado nasema kuna kitu kitabu hakina. Bibi alikuwa anasikiliza keki. Anasogeza sikio, ikiwa bado inatoa sauti ndogondogo kama mafuta yanayochemka anairudisha.

Mjukuu wa Rungwe, Mbeya
Hiyo ni kweli tupu. Ni maji yaliyomo ndani bado yanatoka. Ikinyamaza kabisa imeshakauka.

Mama Mapacha, Dodoma
Ona, hilo sijalikuta kwenye kitabu changu, nitalijaribu Jumamosi. Mjukuu wa Rungwe, ile ya mwinuko na Dodoma inatuhusu? Tuko juu kidogo, kama mita 1,100.

Mjukuu wa Rungwe, Mbeya
Inaanza kuonekana hapo. Kila kijiko kimoja cha beking pauda toa kama moja ya nane ya kijiko, uone.

Mgeni wa Singida
Samahani kuingilia, nimesoma kuanzia juu. Mimi nafuga, natumia mayai ya kienyeji. Nafuata kipimo cha mayai manne na keki inatoka kavu kila mara.

Mama Mapacha, Dodoma
Ya kienyeji ni madogo, ndugu yangu. Vitabu hivyo vinahesabu yai moja gramu 50. Vunja kwenye bakuli, pima, ongeza la tano mpaka ufike 200.

Mgeni wa Singida
Na ganda au bila ganda?

Mama Mapacha, Dodoma
Bila ganda.