Picha ya bibi harusi niliyoipiga imetangaziwa saluni. Nani mwenye haki ya kuitoa?

Mpigapicha wa Ngamiani
Wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam. Mimi ni mwanamke, napiga picha za harusi hapa Tanga, hasa shughuli za wanawake peke yao: singo, hina, na ule usiku wa ukumbini ambao simu hukusanywa mlangoni kwenye beseni. Naitwa kwa sababu wanajua kwangu picha haivuji.

Mwezi uliopita nilimpiga bibi harusi mmoja wa Chumbageni, kichwa wazi, nywele zimeachiwa, hina mpaka viwikoni. Picha zake nikamkabidhi kwenye flashi. Yeye akamrushia moja yule aliyempamba, kwa WhatsApp, kama ahsante. Juzi naikuta Instagram kwenye ukurasa wa saluni, bei ya kupamba imeandikwa juu ya kifua chake, jina langu lililokuwa kwenye kona limekatwa. Mama yake kanipigia analia, wakwe wa binti wameshaiona. Mwenye saluni namwomba aitoe, ananijibu kapewa na mwenyewe, na mimi nilishalipwa, nadai nini?

Pesa sitafuti. Nataka ile sura itoke pale. Nani mwenye nguvu ya kuitoa?

Baharia Mstaafu
Binti yangu, pole. Ila ulishalipwa. Fundi akishakushonea gauni na ukamlipa, analidai tena?

Karani wa Mawakili
Mzee wangu, shikamoo. Gauni ni moja, ukilitoa huna tena. Picha hunakiliwa, ndiyo maana ina sheria yake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haki huanza pale kazi inapotengenezwa, haingoji kusajiliwa. Malipo yamehamisha nini kati ya dada na bibi harusi, hilo huangaliwa kwenye makubaliano yao. Saluni haimo kabisa kwenye makubaliano hayo. Na haki ya mpigapicha kutajwa kwa kazi yake ni haki yake mwenyewe, kwa hiyo kulikata lile jina ni kosa jingine.

Sasa sura. Sura ni ya bibi harusi, na hapa ndipo penye uzito. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikubali taarifa iliyotolewa kwa jambo moja igeuzwe kwa jingine hivi hivi tu. Kumtumia mpambaji ahsante si kumruhusu abandike bei. Akikaidi, bibi harusi apeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa haraka, Instagram wana fomu ya hakimiliki, ijaze wewe, na fomu ya faragha, aijaze yeye. Kabla ya hapo piga picha ya skrini, jina la ukurasa na tarehe vionekane, maana wakishaitoa umebaki mikono mitupu. Na usiifute memori kadi! Faili iliyotoka kwenye kamera imebeba saa na aina ya kamera. Iliyopita WhatsApp huwa imepoteza hayo.

Bint Mwambani
Hizo fomu jazeni leo, lakini mama wa binti naye aende saluni na mtu mzima mwenzake, mchana, wateja wakiwepo. Wanawake wa Tanga wakisikia saluni hiyo inatoa picha za ndani, nani atakwenda kupambwa?

Mpigapicha wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Bibi harusi niko naye hapa, anajaza ya kwake. Picha ya skrini ninayo, kadi nimeitenga. Karani, limebaki moja: nyuma yake anaonekana shangazi yake, naye kichwa wazi. Hakupambwa na saluni ile wala hakumtumia mtu chochote. Naye anaweza kulalamika?

Karani wa Mawakili
Kama sura yake inatambulika, anaweza, tena kwa jina lake mwenyewe. Kwake saluni hawana hata hiyo ahsante ya kusingizia.